Tezo na Vitenzi Vyake: Mfano wa Katumba, Mpanda



Mada niliyoichagua ni ndogo kwa umbo. Haihusu ushairi, wala haihusu historia ya usanifishaji, ingawa yote mawili yataguswa kidogo. Inahusu chombo cha mkono ambacho seremala na mjenzi wamekitumia kwa karne nyingi kabla ya mashine kufika karakana zetu. Chombo hicho ni tezo. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: kamusi ifanyeje inapokutana na chombo kimoja chenye kazi nyingi?

Jibu nitakalolitetea ni kwamba chombo cha namna hiyo hakijulikani kwa nomino yake peke yake. Hujulikana kwa vitenzi vyake. Kamusi inayotaja nomino na kuviacha vitenzi huwa imehifadhi ala na kuipoteza elimu. Ili hoja hiyo isibaki hewani, nitaipeleka Katumba, katika Mpanda, mkoani Katavi, ambako lugha za Kibantu zilikutana katika mazingira ya msitu.

1. Umbo na kazi

Tezo ina sehemu mbili: mpini wa mti na bamba la chuma lenye makali. Kwa mtu asiye fundi hufanana na jembe dogo. Kinachoitenga na shoka ni mwelekeo wa makali. Makali ya shoka hufuata mstari wa mpini, ilhali makali ya tezo hukingama na mpini. Tofauti hiyo hubadili kazi nzima. Anayetumia shoka hupiga ili kutenga: kuangusha mti, kukata tawi, kuchanja kuni. Anayetumia tezo huvuta pigo kuelekea kwake mwenyewe, na kila pigo huondoa ubapa mwembamba wa mti. Shoka hugawa, tezo huumba.

Hebu tuzihesabu kazi zake. Fundi wa nyumba huitumia kubambua gome la mti, kuusawazisha upande mmoja wa boriti, kuugeuza mti wa mviringo uwe wa mraba, na kuchonga kitako kichwani mwa nguzo ili mwamba ukalie pasipo kuteleza. Fundi wa vyombo vya nyumbani huitumia kuchonga kinu, mchi, kigoda na mwiko, na kukomba ndani ya ngoma au mzinga. Kule pwani, Lamu au Nungwi, fundi wa majahazi huchonga kwayo mkuku na mataruma, akichagua matawi yaliyopinda kwa asili ili mbao zifuate umbo la chombo. Tezo yenye kisogo kinene huweza pia kugongea kigingi.

Katika sehemu nyingi za ukanda wa misitu ya miyombo iko namna nyingine ya matumizi inayostahili kuangaliwa. Bamba la chuma hutengenezwa na mkia mwembamba unaopenyezwa katika kichwa kinene cha mpini. Bamba likipachikwa wima, mtu ana shoka. Akilichomoa na kulizungusha robo duara, ana tezo. Chuma ni kilekile na mpini ni uleule, lakini jina limebadilika kwa sababu kazi imebadilika. Mafundi walilijua jambo hili kabla ya wanaisimu kuandika lolote kuhusu maana: jina halikuandamana na chuma, liliandamana na tendo.

2. Tezo katika kamusi

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaitambua tezo pamoja na lahaja yake ya kimatamshi, sezo. Kamusi za baadaye zimeendelea kuiorodhesha, zikiwamo zile zilizotokana na kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 1981 ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kwa kawaida, hata hivyo, maelezo ya ala za ufundi ni mafupi mno. Msomaji huambiwa kwamba hiki ni chombo cha kuchongea mti, kisha huachwa hapo.

Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Patasi nayo huchonga. Kisu huchonga. Shoka, katika mikono ya fundi stadi, huchonga pia. Mwanafunzi aliyelelewa mjini, ambaye hajapata kuiona tezo, hawezi kuitambua kwa maelezo hayo hata ikiwekwa mbele yake.

Ukiwasikiliza mafundi utaona kwamba Kiswahili kimekwisha kuzitenga ala hizi kwa utaratibu wake chenyewe. Utaratibu mmoja ni wa vitenzi. Mbao hupasuliwa kwa msumeno, hupigwa randa, hutobolewa kwa keekee. Misumari hugongomewa kwa nyundo. Gogo huchongwa kwa tezo nje na kukombwa ndani. Utaratibu wa pili ni wa mabaki. Msumeno huacha unga wa mbao. Randa huacha maranda, neno lililozaliwa na jina la ala yenyewe. Tezo na shoka huacha vibanzi. Mtu akiingia karakana fundi hayupo, atatazama sakafu na kujua ni ala gani ilitumika. Maarifa ya aina hii yamo ndani ya msamiati, lakini hayajaunganishwa katika kamusi: maranda yako mahali pake, randa mahali pake, na msomaji haonyeshwi njia ya kutoka moja hadi nyingine.

Asili za majina haya nazo zina historia. Randa ni neno lenye asili ya Kiajemi, lililotufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi pamoja na ala yenyewe. Nyundo na shoka ni maneno ya urithi wa Kibantu. Basi sanduku la seremala limebeba tabaka za lugha. Zipo ala tulizozirithi na zipo zilizopokewa kutoka ng'ambo, na zote hufanya kazi juu ya ubao mmoja bila ugomvi.

3. Katumba

Sasa twende Katumba. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 katika wilaya ya Mpanda kwa ajili ya wakimbizi walioikimbia Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Ulyankulu, katika Tabora, na baadaye Mishamo, yalikuwa makazi ya aina hiyohiyo. Miaka mingi baadaye, kuanzia Oktoba 2014, watu zaidi ya 160,000 kutoka makazi hayo matatu walianza kukabidhiwa hati za uraia wa Tanzania. Kabla ya hapo, mwaka 2012, eneo la Mpanda lilikuwa limeingia katika mkoa mpya wa Katavi.

Historia hiyo imeandikwa sana kwa upande wa siasa na sheria. Mimi nataka kuitazama kwa upande wa lugha ya kazi. Watu walipewa ardhi katika msitu wa miyombo, nchi ya mninga na mkurungu, nchi ya asali na mizinga. Jambo la kwanza lililowakabili lilikuwa kujenga: kukata miti, kusimamisha nguzo, kuezeka. Walizungumza Kirundi. Wenyeji wao walizungumza Kibende, Kikonongo, Kipimbwe na lugha nyingine za jirani. Shule na ofisi zilizungumza Kiswahili.

Katika mazingira hayo msamiati wa ufundi ulikuwa na faida ya pekee, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni ya ukoo mmoja. Mrundi husema inyundo, Mswahili nyundo. Mrundi husema ishoka, Mswahili shoka. Kitenzi cha Kirundi gusongora, yaani kufanya kitu kiwe na ncha, chaelekea kuwa ndugu wa chongoa yetu, na kwa hiyo wa chonga. Mtu asiyekijua Kiswahili hakuwa mgeni kabisa mbele ya gogo.

Lakini kwa tezo yenyewe njia zinaachana. Kirundi, sawa na Kinyarwanda, huiita imbazo, kutokana na kitenzi kubaza chenye maana ya kuchonga mti. Seremala ni umubaji. Mzizi huo ni wa kale na umeenea katika lugha za Maziwa Makuu. Waganda husema okubajja kwa kuchonga na omubazzi kwa seremala, ila kwao embazzi si tezo bali ni shoka. Tazameni jinsi ushahidi huu unavyoafikiana na ule wa bamba linalozungushwa. Mzizi ni mmoja. Upande mmoja umeipa jina tezo, upande mwingine umelipa jina shoka. Ala imebadilishana nafasi, na kitenzi kimebaki pale pale.

Kirundi kinatuongezea fumbo dogo. Katika maandishi ya kawaida, kubaza ya kuchonga huonekana sawa na kubaza ya kuuliza, ambayo kwayo hupatikana ikibazo, yaani swali. Ni vitenzi viwili mbalimbali, na matamshi huvitenganisha. Nawatahadharisha wanafunzi wasijenge etimolojia juu ya mfanano wa herufi.

Kwa nini mfano huu una uzito? Kwa sababu mtu anayesema imbazo mbele ya mwalimu wa Kiswahili huweza kuhesabiwa kuwa hana msamiati. Ukweli ni kwamba anao, tena anayajua matendo yote ambayo kamusi yetu imeyaacha. Mwalimu anayejua kwamba chongoa na gusongora zina ujamaa atamwongoza mwanafunzi kutoka neno alilonalo hadi neno analolihitaji. Mwalimu asiyejua atafuta la kwanza ili kuandika la pili. Tofauti ya walimu hao wawili ni tofauti kati ya kumkaribisha mtu katika lugha na kumwamuru aingie mikono mitupu.

4. Kitenzi kinachobaki

Katika karakana nyingi leo tezo imerudi nyuma. Msumeno wa mashine umechukua kupasua na kupiga mraba. Randa ya umeme imechukua kusawazisha. Nyundo yenye kucha mbili imechukua kugongomea pamoja na kinyume chake, kung'oa. Kila ala mpya imechukua kitenzi kimoja au viwili kutoka kwa ala ya zamani, na nyingi hufika zikiwa na majina ya kigeni yaliyoandikwa kwenye maboksi.

Hata hivyo chonga halijaondoka. Barabara za vumbi huchongwa kwa greda. Penseli huchongwa kwa kichongeo. Ufunguo huchongwa, muhuri huchongwa. Katika kauli ya kutendea, kumchongea mtu ni kumsema vibaya kwa mkubwa wake. Vijana wa mitaani huita mpango wa kupata fedha mchongo. Katika matumizi yote hayo tendo la asili linasikika: kupunguza kidogo kidogo kwa makusudi mpaka umbo litokee, liwe la heri au la shari. Asiyejua tezo anaweza kuyatumia maneno haya, lakini hawezi kuona kinachoyaunganisha.

5. Pendekezo

Napendekeza basi kwamba kidahizo cha ala yenye kazi nyingi kitaje mambo manne: umbo, mwelekeo wa kazi, vitenzi vyake, na jamaa zake. Kwa mfano:

Tezo, nomino, i-/zi-. Chombo cha mkono chenye bamba la chuma lililopachikwa katika mpini hivi kwamba makali yamekingama na mpini. Hupigwa kwa kuvuta kuelekea kwa fundi. Hutumika kubambua, kuchonga, kusawazisha na kukomba mti, huacha vibanzi. Pia: sezo. Linganisha: shoka, patasi, randa.

Maneno ni machache, na mwanafunzi wa mjini ataitambua tezo akiiona. Kazi ya kukusanya vitenzi hivyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mwanafunzi mwenye daftari, aketi karibu na fundi na kumwuliza swali moja kila ala inapoinuliwa: sasa unafanya nini? Nasisitiza swali hilo, badala ya lile tulilozoea la hiki kinaitwaje. Swali la jina hujibiwa kwa neno moja. Swali la tendo hufungua karakana nzima.

Na kazi hiyo ianze mapema, Katumba na kwingineko, wakati mafundi waliochonga nguzo za nyumba za kwanza wangali wanaweza kuulizwa.