Tuisheni ya Kiingereza kwa Kijana Mmoja

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania, mwanafunzi hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo moja tu kati ya mengine. Akiingia kidato cha kwanza mambo yanageuka: biolojia, jiografia, historia na hisabati zote zinakuja kwa Kiingereza. Kijana aliyekuwa akijibu maswali kwa ufasaha darasa la saba ananyamaza ghafla, na mzazi anaanza kuulizia mwalimu wa tuisheni.

Mara nyingi mwalimu huyo hurudia yale yale ya darasani: kanuni za sarufi, mazoezi ya kujaza nafasi, mwanafunzi kimya. Hapo fedha ya mzazi inapotea bure. Katika darasa lenye makumi ya wanafunzi, kijana anaweza kumaliza wiki bila kutamka sentensi moja kamili ya Kiingereza. Akiwa peke yake na mwalimu, zamu zote za kusema ni zake. Kipindi cha namna hii kipimwe kwa jambo moja: nani amezungumza na kuandika zaidi, mwalimu au mwanafunzi?

Siku ya kwanza haifai kuanza na kitabu. Kijana aeleze kwa Kiingereza jinsi alivyoshinda jana, aandike nusu ukurasa kuhusu mtu anayempenda, kisha asome kwa sauti aya moja ya kitabu chake cha biolojia. Mwalimu asikilize na kuandika makosa katika daftari lake bila kukatiza. Makosa hayo ndiyo mtaala wa wiki zinazofuata, na kwa mzungumzaji wa Kiswahili mengi yana chanzo kinachoeleweka.

Chukua kiambishi -me-. Kijana anayetaka kusema kuwa amechoka huandika "I have tired", kwa sababu amefundishwa kwamba -me- ni "have". Kwa "nimefika" na "nimemaliza" kanuni hiyo inafaa: "I have arrived", "I have finished". Lakini Kiswahili hutumia -me- pia kwa hali ambayo mtu yumo wakati huo huo, na Kiingereza huieleza hali hiyo kwa njia nyingine. Somo zuri la jambo hili linahitaji picha moja tu ya harusi kwenye simu. Bibi harusi amevaa gauni jeupe, shangazi amekaa, mpambe amesimama nyuma yake, mtoto mmoja amelala mapajani mwa bibi yake. Kijana aeleze kila mtu kwa Kiingereza: "is wearing", "is sitting", "is standing", "is sleeping". Halafu aulizwe kilichokwisha kutendeka kabla ya picha kupigwa: wageni wamefika, keki imekatwa. Sasa "have" na "has" zinapata mahali pake, naye ameona tofauti kwa macho yake badala ya kuikariri.

Picha hiyo hiyo inasaidia pia katika "he" na "she". Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa wote, kwa hiyo hata mwanafunzi hodari humwita mama yake "he" akianza kusema haraka. Kumweleza kanuni tena hakusaidii, kwa kuwa anaijua. Kinachosaidia ni kusimulia habari za babu na bibi waliomo pichani kwa kupokezana, sentensi baada ya sentensi, mpaka ulimi uzoee.

Katika matamshi, Kiswahili ni msaada ambao walimu wengi huusahau. Sauti za mwanzo wa "think" na "this" zimo katika "thelathini" na "dhahabu". Anayezitamka vizuri katika Kiswahili hana cha kujifunza hapo ila kuzihamisha. Tatizo kubwa liko kwenye irabu, kwa kuwa Kiswahili kina tano tu. "Cat", "cut" na "cart" hutoka mdomoni zikiwa neno moja. Maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi tatu, mwalimu atamke moja na kijana aonyeshe alilosikia. Kisha wabadilishane: kijana atamke, mwalimu aonyeshe. Akionyeshwa neno ambalo hakulikusudia, anajirekebisha mwenyewe, na hilo lina nguvu kuliko kuambiwa mara kumi kwamba amekosea.

Ufasaha unahitaji mazoezi ya aina nyingine. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha kutoka New Zealand, ameeneza zoezi la kusimulia habari ile ile mara tatu: kwanza kwa dakika 4, kisha 3, kisha 2. Maudhui hayabadiliki, hivyo akili inakuwa na nafasi ya kushughulikia lugha, na usemi unakwenda kasi bila kusitasita. Kwa vijana wapenda mpira, na hao ni wengi, kuna jingine: mechi ya Simba na Yanga ichezwe kwenye simu bila sauti, naye awe mtangazaji kwa dakika mbili. Hana muda wa kutafsiri kichwani. Mpira unakwenda na maneno lazima yatoke.

Wakati huo mwalimu asikatize. Rika hili huona haya upesi, na kijana anayesahihishwa kila sentensi huishia kujibu kwa neno moja. Makosa mawili au matatu yaandikwe na kurudiwa mwishoni. Wala Kiswahili kisipigwe marufuku: maelezo magumu yakitolewa kwa Kiswahili kwa dakika moja, muda mwingi unabaki kwa ajili ya mazoezi ya Kiingereza.

Kwa upande wa kuandika, imla ya kawaida inaweza kuboreshwa. Mwalimu asome mara mbili aya fupi kutoka kitabu cha jiografia kwa kasi ya kawaida, kijana aandike maneno makuu tu, kisha aiunde aya upya kwa sentensi zake na kuilinganisha na ya kitabuni. Anapoona alipoacha "the" au "-ed", anaona pengo lililo katika Kiingereza chake mwenyewe. Tena aya yenyewe ni ya somo atakalofanyia mtihani.

Kitabu cha kujisomea kichaguliwe kwa uangalifu. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua takribani asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi bila msaada, yaani maneno mageni yasizidi mawili hivi katika kila 100. Kwa kipimo hicho, vitabu vingi vinavyosifiwa kuwa vizuri ni vigumu mno kwa kidato cha kwanza. Hadithi nyepesi zilizoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, hata zikionekana za kitoto, zitamfikisha mbali zaidi.

Kazi ya nyumbani iwe ndogo lakini ya kila siku: ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa WhatsApp, mada akichagua mwenyewe. Mwalimu ajibu kwa sauti pia, kwanza kuhusu alichosema kijana, halafu kosa moja tu.