Fukwe za Mweru: Zitupumzishe, Zisitulize

Ndugu wananchi wa Nchelenge, Kashikishi, Kenani na Mantapala,

Kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza, joto hutusukuma sote kuelekea majini. Kwenye mchanga ule ule ambapo kina mama huanika chisense, familia hupunga upepo, vijana huogelea na wageni hupumzika. Ni haki ya kila mmoja kufurahia ufukwe. Nasi tunaona ni wajibu wetu kueleza jinsi ziwa hili linavyoweza kumpokonya mtu mbele ya macho ya jamaa zake.

Upepo unaodanganya

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ilhali Mweru halifiki hata mita 40. Wengi hudhani kina kifupi ni usalama. Sivyo. Upepo ukivuma juu ya maji ya kina kifupi, mawimbi huinuka upesi, nayo huwa mafupi na makali, yenye uwezo wa kujaza mtumbwi kwa dakika chache.

Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka zaidi kusini-mashariki, yaani huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndiyo maana maji ya karibu na ufukwe huonekana tulivu. Lakini mtoto aliyelalia dumu au mpira wa gari husukumwa taratibu kuelekea kilindini, na kadiri anavyokwenda mbali ndivyo mawimbi yanavyokua. Kwa hiyo vifaa vya kuelea visiwe michezo ya watoto siku ya upepo, na mtu mzima mmoja akabidhiwe kazi ya kuwatazama wanaooga.

Epukeni pia midomo ya mito na penye matete, hasa jioni na usiku, kwa sababu ya mamba na viboko. Katika maji yaliyotulia yenye majani huishi konokono wa kichocho. Anayekojoa damu aende kliniki mapema, dawa ipo.

Mpaka usioonekana

Ziwa hili ni la Zambia na la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na juu ya maji hakuna uzio. Macho peke yake hayatoshi kuutambua mpaka: Kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, ingawa kiko karibu zaidi na ufukwe wa Kongo, ambako pia kuna mji uitwao Kilwa. Anayetaka kuvuka apitie kituo cha uhamiaji, akiwa na hati zake. Matembezi ya mtumbwi yasigeuke safari ya kuvuka. Tena, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Kupumzika ufukweni si kosa, kutega nyavu ni kosa.

Mtu akizama

Usijitose kumfuata kama hujui kuokoa. Mara nyingi huzama wawili. Mtupie kamba, mti mrefu, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko. Mmoja asiondoe macho pale alipoonekana mwisho, huku mwingine akikimbia kuita wavuvi wenye mitumbwi na polisi. Akitolewa hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze papo hapo.

Tunajua kwamba wengi waliopokewa Kenani tangu mwaka 2017 walikimbia vita, na huko walikotoka sare ya askari haikuwa dalili ya msaada. Hatuwalaumu kwa kusita. Lakini kusita huko ufukweni hugharimu uhai. Mtu anapozama, tunalotaka kujua kwanza ni wapi na saa ngapi. Habari za hati hazimwokoi mtu. Wala hakuna haja ya kungoja saa 24 ndipo muarifu kwamba mtu amepotea. Njooni mara moja, kwa Kiswahili, Kibemba au lugha yoyote mnayoimudu.

Wazee wa vijiji, wenyeviti wa makambi ya wavuvi na viongozi wa wakimbizi, tunawaomba msome maelezo haya mbele ya watu kabla joto halijazidi. Polisi hawawezi kuwapo kwenye kila kipande cha mchanga, ila nyinyi mpo. Umoja ni nguvu, na jirani ndiye wa kwanza kufika.