Oktoba ya Unyamwezi

Msafiri atokaye Kenya kwenda Tabora kwa gari hupita Namanga, Arusha, Babati na Singida. Akishaivuka Nzega ndipo nchi inapobadilika: mashamba yanapungua, miti inasogea barabarani, na kama ni Oktoba atakutana na kitu ambacho mtu wa pwani hakitarajii kabisa, msitu mwekundu. Mvua za mwisho zilikwisha Mei. Nyasi zimekauka, kwingine zimechomwa, upepo unainua vumbi, na katikati ya ukame huo miti ya miombo inatoa majani mapya. Mengine yana rangi ya shaba, mengine damu ya mzee, mengine waridi iliyofifia.

Ndugu zetu waliohamia Ulaya na Kanada hututumia kila mwaka picha za majani mekundu ya Oktoba. Majani yale yanazeeka na yatapukutika. Haya ya Unyamwezi ndiyo kwanza yanazaliwa. Mizizi ya miti hii inakwenda chini sana, na mti hutumia maji yaliyobaki huko kuvika matawi yake kabla tone la mvua halijaanguka. Wataalamu wa mimea wanasema wekundu ule hulikinga jani changa na jua kali na wadudu. Jani likikomaa huwa kijani, na hapo msitu hufanana na misitu mingine ya Afrika Mashariki.

Nchi yenyewe ni kubwa na tambarare. Mkoa wa Tabora una kilomita za mraba 76,151; Rwanda na Burundi zingeingia zote mbili na nafasi ikabaki. Mji uko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua la mchana linachoma lakini usiku mtu hujifunika. Mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Wenyeji ni Wanyamwezi, na pamoja nao wamo Wasukuma, Waha, Wamanyema, na watu wenye asili ya Oman ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara. Kiswahili chao mtu wa Mombasa hukielewa bila shida, ila asubuhi atasalimiwa "Mwangaluka" na atahitaji kujifunza kuitikia.

Mke wangu ana shangazi huko, na tulipomtembelea na watoto tuliitenga siku nzima kwa ajili ya picha. Tulitoka alfajiri. Oktoba anga la Tabora lina moshi na vumbi, na kuanzia saa nne mwanga unakuwa mkali mno, kila kitu kinapauka. Lakini kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu vumbi lile lile huuchuja mwanga, na picha ya simu ya kawaida inatosha. Binti yangu ndiye aliyeigundua siri ya majani: ukilipa jua mgongo, wekundu unageuka kahawia tu, ukilielekea jua, ukaliweka jani katikati yako na mwanga, rangi yote inajitokeza pamoja na mishipa yake. Asubuhi ile sote tulitembea tukitazama juu, huku Shangazi akituonya tuangalie visiki.

Shangazi alijua miti kwa majina, na kila mti kwake una kazi yake. Mninga ni wa mbao na milango. Myombo hutoa kamba za magome. Juu ya matawi mengi ilining'inia mizinga ya nyuki, kwa kuwa asali ndiyo sifa ya kwanza ya Tabora. Mji una hata chuo cha ufugaji nyuki. Sifa ya pili ni tumbaku, nayo kwa maoni yangu inauharibu mkoa huu. Kuikausha kunahitaji kuni nyingi sana, na ukipita maeneo ya wakulima unaona wazi mahali msitu ulipokatwa. Tulipiga picha huko pia. Maelezo ya nchi yanayoonyesha miti iliyosimama na kuficha iliyoangushwa ni nusu ya maelezo.

Kutoka msituni tulikwenda Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji. Hapo ndipo penye tembe la mmisionari Livingstone, nyumba ndefu ya rangi nyekundu, paa bapa, milango ya mbao iliyochongwa kama ya Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa. Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikafika hapa, ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akawasili Juni, akajiunga na Waarabu wa Tabora kupigana na Mirambo, mtemi wa Urambo, na vita vile viliwashinda. Februari 1872 alirudi Kwihara pamoja na Livingstone aliyemkuta Ujiji. Stanley akaenda zake pwani. Livingstone akakaa hapa hadi Agosti akingoja wapagazi.

Hao wapagazi ndio ninaotaka msomaji wa kwetu awajue. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32: pembe za ndovu kwenda pwani, merikani, kaniki na shanga kurudi bara. Wengi waliishika njia hii kwa hiari yao, kwa ujira, na walikuwa wakiitumia kabla ya Waarabu kujenga Tabora. Wengine waliipita wakiwa watumwa. Wanyamwezi wana utani na Wazaramo na watu wengine wa njia ile, na Shangazi aliutumia bila huruma. "Nyinyi wa pwani mlikaa ufukweni mkingoja," aliniambia pale barazani. "Mzigo tuliuleta sisi."

Oktoba 1873, msitu ukiwa na rangi kama hii tuliyokuja kuipiga picha, ulipita hapa msafara wa kina Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, wakiubeba mwili wa bwana wao, aliyefariki Mei katika nchi ambayo leo ni Zambia. Cameron, Mwingereza aliyekuwa hapa wakati huo, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakaendelea kwa miguu, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Katika kundi lile alikuwamo Matthew Wellington, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini na kusomeshwa Nasik, India. Ni mmoja wa wale waliotumwa Kwihara mwaka 1872. Alizeekea Mombasa na kufia huko mwaka 1935. Wanangu walizaliwa Mombasa na hawakuwahi kulisikia jina hilo shuleni.

Ndani ya tembe, ambalo sasa ni makumbusho, kuna barua, ramani na picha, na nyingi zinamhusu Livingstone. Ningependa kuona ukuta mzima wa wapagazi, kwa majina yao pale yanapojulikana. Najua picha zao za wakati ule ni adimu. Grant, aliyepita njia hii pamoja na Speke, alikuja na kamera mwaka 1860, lakini kazi ya kutayarisha vioo ndani ya hema dogo lenye joto ilikuwa inamwua. Speke akairudisha kamera, na Grant akachora kwa mkono. Hata hivyo michoro ipo, na majina yamo vitabuni.

Mjini tulirudi jioni. Miembe mikubwa imesimama kando ya barabara nyingi, na Oktoba embe zinaanza kujaa. Stesheni ni ya enzi za Wajerumani. Reli ilifika 1912, miaka kumi na tisa baada ya Mtemi Isike wa hapa kujilipua kwa baruti ndani ya ngome yake ili asikamatwe nao. Nyerere alisoma hapa sekondari, akarudi kufundisha St. Mary's, na mwaka 1958 chama chake cha TANU kilikutana hapa kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alimchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kwa mwenye kamera: majengo ya jeshi hayapigwi picha, stesheni omba ruhusa kwanza, na sokoni muulize mtu kabla hujamwelekezea simu. Hakuna aliyetukatalia, na mama mmoja muuza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, alitutaka tumrudie baada ya kujitanda upya kitenge chake.

Anayetaka kuimaliza njia ya misafara apande treni ya Kigoma. Itampitisha Urambo kwa Mirambo na kumshusha karibu na Ujiji. Lakini kwa rangi ya miombo asichelewe: afike kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Oktoba, kwa maana kila mti huwa mwekundu kwa wiki chache tu.