Kitabu Chaweza Kujenga, Chaweza Kubomoa

Watu wengi waliosoma huliheshimu neno lililopigwa chapa kuliko neno la mdomo. Mtu akiambiwa jambo na jirani yake njiani, atauliza, "Nani kasema?" Lakini akilikuta jambo lile lile kitabuni, mara nyingi haulizi tena, hulishika kuwa kweli na kwenda kulitenda. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

KITABU KILICHOPENDWA NA AKINA MAMA

Mwaka 1946 Benjamin Spock, daktari wa watoto wa Marekani, alitoa kitabu cha malezi. Zamani hizo wazazi wengi wa huko walifundishwa kuwalea watoto kwa ukali: wanyonyeshwe kwa saa maalum, wala wasibebwe kila waliapo. Spock aliwatuliza mioyo, akawaambia wayaamini maarifa yao na kuwaonyesha watoto upendo. Kitabu kilifasiriwa kwa lugha nyingi, hata nakala zake zikafika kama milioni 50. Hapana shaka nyumba nyingi zilipata faraja kwacho.

Lakini tangu matoleo ya miaka ya 1950, kitabu hicho hicho kiliwashauri wazazi wawalaze watoto wachanga kifudifudi. Sababu iliyotolewa ilionekana kuwa ya akili: mtoto aliyelala chali, akitapika, aweza kupaliwa na matapishi akafa. Madaktari wengine nao walifundisha vivyo hivyo, na wazazi wakatii.

Baadaye ilithibitishwa kwamba mtoto mchanga alazwaye kifudifudi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafula usingizini. Mwaka 2005 wataalamu walionyesha kwamba ushahidi huo ulikuwako tangu mwaka 1970, na kwamba kama ungalikusanywa mapema, vifo zaidi ya 10,000 vingaliepukwa katika Uingereza peke yake. Uingereza ilianza mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na hatimaye vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu.

Spock hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuwaokoa watoto. Lakini nia njema ya mwandishi hailigeuzi kosa kuwa kweli, na kadiri kitabu kinavyoaminiwa, ndivyo kosa lake linavyofika mbali.

UONGO ULIOPIGWA CHAPA

Yako maandishi mengine yaliyoharibika tangu shinani. Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilichapa maneno yaliyodaiwa kuwa ni shauri la siri la wakubwa wa Wayahudi la kuitawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, kwa kulinganisha maneno kwa maneno, kwamba mengi yaliibwa katika kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, kilichomshambulia Napoleon III wala hakikuwashtaki Wayahudi kwa lolote.

Uongo ulifichuliwa, lakini haukufa. Chama cha Hitler kiliendelea kuueneza katika Ujerumani, na chuki iliyopaliliwa kwa maandishi ya namna hiyo ilisaidia kutengeneza njia ya mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6.

NAMNA YA KUSOMA

Je, basi watu waache kusoma? La, hasha. Makosa ya maandishi hayo yalifichuliwa na maandishi mengine, na watu waliolinganisha kwa subira. Asiyesoma hawezi kusahihisha kitu. Yeye hubaki mikononi mwa amsomeaye.

Yafaa msomaji aulize mambo matatu. Kitabu hiki kilichapwa mwaka gani, na je, maarifa yake hayajapitwa? Mwandishi amejuaje asemayo: ameyapima, au ameyadhani? Na wengine waliolichunguza jambo hilo wanasemaje?

Mkulima mwenye busara hapandi shamba zima mbegu mpya kwa kuwa gunia lina maandishi mazuri. Hujaribu kwanza kipande kidogo, akangoja mvua na mavuno. Karani naye hatii sahihi hesabu kabla ya kuijumlisha mwenyewe. Uangalifu huo huo wautumiao kazini, wote wawili wanapaswa kuwa nao wafunguapo kitabu, hasa kile wanachokipenda.