Njaa Mbili, Neno Moja

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Mtoto anarudi kutoka shule saa saba mchana, anatupa mkoba na kusema ana njaa. Mvua zikikosekana misimu miwili mfululizo na mifugo ikaanza kufa, tunasema nchi ina njaa. Msomi anaweza kuuona huu kuwa upungufu wa lugha. Mimi naona wahenga walipatia, kwa sababu ubongo nao huzipokea njaa hizo mbili kwenye mlango mmoja, na asiyelijua hilo hataelewa kwa nini kilo zilizopunguzwa kwa taabu hurudi.

Mlango wenyewe uko kwenye haipothalamasi, sehemu ya ukubwa wa lozi iliyo chini kabisa ya ubongo, ambayo husimamia pia kiu, usingizi na joto la mwili. Humo mna makundi mawili ya seli yanayovutana: moja humsukuma mtu atafute chakula, jingine humwambia imetosha.

Njaa ya kwanza, ile ya mtoto wa shule, huanzia tumboni. Tumbo tupu humwaga kwenye damu homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Hupanda kadiri saa ya kula iliyozoeleka inavyokaribia, na kushuka baada ya mlo. Aliyewahi kufunga Ramadhani anaijua tabia yake hata kama hajalisikia jina: mchana, saa aliyozoea kula, tumbo linadai kwa nguvu, kisha dai linapoa lenyewe ingawa hakuna kilichoingia mdomoni. Chakula kikifika, utumbo hutoa homoni zake za shibe, mojawapo ikiwa GLP-1. Hayo ni mambo ya saa chache tu.

Njaa ya pili ni ya miezi na miaka, na habari zake zilipatikana kwa panya. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson mjini Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, walizaliwa panya waliokula bila kukoma hadi wakafikia uzito mara tatu ya ndugu zao. Miaka ya 1960 ikapatikana huko huko aina nyingine, wanene vilevile na wenye kisukari. Mtafiti Douglas Coleman akaunganisha panya wawili wawili ubavuni ili damu zao zichanganyike. Panya wa kawaida aliyeunganishwa na yule mwenye kisukari aliacha kula hadi akafa. Yule mnene wa aina ya kwanza, alipounganishwa na panya wa kawaida, alipunguza kula na kupungua mwili.

Coleman alitafakari na kufikia hitimisho lililowachukua wenzake miaka mingi kulikubali. Kuna kitu ndani ya damu kinachoujulisha ubongo akiba ya mafuta imefika wapi. Panya wa aina ya kwanza hakitengenezi kabisa. Wa aina ya pili anakitengeneza kwa wingi, ila ubongo wake hausikii. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliipata jeni yenyewe. Homoni hiyo, inayotengenezwa na seli za mafuta, wakaiita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba.

Je, binadamu nasi tumo? Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa na uzito wa kawaida. Binti wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Mvulana wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Miili yao haikuwa na leptini inayofanya kazi, na njaa yao haikuwa na mwisho. Binti alipoanza kuchomwa sindano za leptini kila siku, hamu ya kula ilitulia, na katika mwaka mmoja akapungua zaidi ya kilo 16. Hakuongezewa nidhamu wala kukemewa. Alipewa ujumbe uliokuwa unakosekana.

Wengi walitumaini kwamba dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Watu wanene karibu wote wana leptini tele, na kuwaongezea hakukuwasaidia sana. Hapo ikabidi swali liulizwe upya: leptini ni ya nini hasa? Jibu lilikuwa limeshatoka Boston mwaka 1996, katika utafiti ambao mwandishi wake wa kwanza alikuwa Rexford Ahima, daktari aliyesomea Ghana. Panya walionyimwa chakula walipopewa leptini, mabadiliko mengi ambayo mwili hufanya wakati wa njaa yalipungua. Kumbe kazi kubwa ya leptini si kuzuia unene. Ni kupiga mbiu ya baa la njaa pale inaposhuka, na mbiu hiyo hufika kwenye seli zilezile zinazopokea grelini.

Sasa mfikirie mtu wa kilo 100 aliyejinyima hadi akafika 88. Jirani anamsifu, nguo zinamtosha, lakini leptini yake imeshuka, na haipothalamasi haina habari kwamba amefanya hivyo kwa hiari. Inaona nchi imeingia njaa, nayo inaamuru kama inavyoamuru siku zote za ukame: tafuta chakula, punguza matumizi.

Amri hiyo ina nguvu kiasi gani? Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwalisha chakula pungufu kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea, wote wakiwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Walipoteza takriban robo ya uzito. Walilamba sahani, wakasoma vitabu vya mapishi, mapigo ya moyo yakapungua. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wengi walirudisha mafuta kupita waliyokuwa nayo mwanzo. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwapima watu waliopunguza uzito kwa wiki kumi. Mwaka mzima baadaye grelini ilikuwa bado juu, leptini bado chini, na wenyewe walisema wana njaa kuliko walipoanza.

Dawa mpya za sindano, kama semaglutide, huiga ile GLP-1 ya utumbo na kuushawishi ubongo kuwa umeshiba. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 semaglutide ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi. Walioiacha walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Ubongo haukuwa umesahau.

Sisemi chakula hakina neno. Jeni zetu hazikubadilika katika miaka hamsini. Kilichobadilika ni soda, chipsi na kazi za kukaa, na kumlinda mtoto asinenepe ni rahisi kuliko kumpunguza akishakuwa mtu mzima. Lakini kumwita mtu mlafi kwa kuwa kilo zimemrudia ni kumdhulumu. Na anayemuuzia chai ya kuyeyusha tumbo kwa siku saba anamwibia.

Wewe unayepambana na uzito, usitafute kilo thelathini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwapa watu waliokaribia kupata kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo sita na ushee. Idadi ya waliopata kisukari ilipungua kwa asilimia 58.