Chumvi ya Theluji na Kutu ya Magari

Wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, iko katika milima ya Kigoma inayopakana na Burundi. Asubuhi za mwezi Juni huwa za baridi huko, lakini theluji haijulikani ila katika vitabu vya jiografia. Hata hivyo, gari linalopandishwa kwa jeki katika gereji ya Manyovu au Munanila laweza kuwa na kutu iliyoanzishwa na theluji. Tuseme ni gari la mbio, Subaru yenye turbo, ambalo mwenyewe amelinunua kwa akiba ya miaka mingi ya kuuza kahawa. Rangi yake inang'aa na injini yake inanguruma vizuri. Kabla ya kupakiwa melini, lilitembea majira kadhaa ya baridi katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Fundi akiigonga sakafu yake kwa bisibisi, bisibisi inapenya.

Sababu ni chumvi. Maji safi huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi. Yakichanganywa na chumvi ya kawaida, huganda katika baridi kali zaidi, na mchanganyiko wenye chumvi kiasi cha sehemu 23 katika 100 hauwi barafu mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa hiyo nchi za baridi humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu na kuzuia utelezi. Huko Marekani, jimbo la New Hampshire lilianza kufanya hivyo kwa utaratibu maalumu katika majira ya baridi ya 1941 na 1942. Huko Japani, sheria ya mwaka 1990 ilipiga marufuku matairi yenye misumari, ambayo yalikuwa yakichimba lami na kutimua vumbi, na baada ya hapo matumizi ya chumvi yakaongezeka. Chumvi hiyo huokoa maisha ya wasafiri. Lakini maji yake hurushwa na magurudumu hadi chini ya sakafu, ndani ya madigadi, na katika kila mkunjo wa bati ambao jicho halifiki.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba chuma hakipati kutu pasipo maji na oksijeni. Yafaa aende hatua moja mbele. Kutu ni kazi ya umeme. Mahali fulani juu ya bati, atomi za chuma huacha elektroni zao na kuingia majini zikiwa ayoni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi mahali pengine penye hewa zaidi, na huko oksijeni na maji huzipokea. Ni betri ndogo, isiyo na waya wala swichi. Ili betri hiyo ifanye kazi, umeme lazima upite pia katika maji, nao hupita kwa shida katika maji safi. Chumvi hurahisisha njia hiyo. Zaidi ya hayo, ayoni za kloraidi huvunja utando mwembamba ambao ungekikinga chuma. Kisha chumvi huvuta unyevu: chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe hewa inapofikia unyevu wa kiasi cha asilimia 75, na kloraidi ya kalisi, ambayo pia hutumiwa barabarani, hulowa hata katika hewa kavu zaidi.

Mwanasayansi Ulick Evans wa Cambridge, Uingereza, alionyesha jambo hili katika miaka ya 1920 kwa tone moja tu la maji ya chumvi juu ya bati safi. Wengi wangedhani kwamba kutu itaanza ukingoni mwa tone, kwenye hewa nyingi. Ikawa kinyume: chuma kililiwa katikati, pale oksijeni ilipokuwa haba. Hii ndiyo hatari ya tope lililoganda ndani ya madigadi. Udongo mwekundu wa Buhigwe, ambao wekundu wake wenyewe unatokana na oksaidi ya chuma, hushika maji kama sifongo na kuinyima hewa sehemu ya bati iliyo chini yake. Bati hilo huliwa kimya kimya, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya chuma kilichoizaa, rangi huinuka na kupasuka ikiwa imechelewa kutoa habari.

Hapa ipo hoja ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii. Katika baridi kali kutu hutambaa, kwa maana athari za kikemia hupungua kasi joto linaposhuka. Kwa kanuni ya kukadiria, kasi hiyo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi kumi za joto zinazoongezeka. Gari lililobeba chumvi katika mikunjo yake likishushwa kwenye joto na unyevunyevu wa bandari ya Dar es Salaam, chumvi ile ile ambayo ilikuwa ikifanya kazi polepole huko Hokkaido huanza kufanya kazi kwa nguvu. Mvua za Kigoma, ambazo huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, hazikosi kuipatia maji. Kuwa mbali na theluji hakulipi gari usalama wowote ikiwa chumvi haijaondolewa.

Wala chumvi haitoki ng'ambo tu. Mto Ruchugi huteremka kutoka nyanda za juu za Kasulu hadi Uvinza, ambako chemchemi za maji ya chumvi zimetumiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Gunia la chumvi likichanika ndani ya gari, kisha mvua ikanyesha, sakafu yake hupata madhara yale yale ya barabara ya Hokkaido. Land Rover za zamani zina mkasa wao. Bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, kwa kuwa mwaka 1948 feleji ilikuwa adimu huko Uingereza baada ya vita, lakini chasisi ni ya feleji. Wenye magari hayo husema kwa fahari kwamba hayashiki kutu. Kumbe chasisi hushika, tena mara nyingi kutoka ndani. Na metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini nayo huliwa na kuwa unga mweupe.

Dawa ya kwanza ni maji safi, na mengi. Ndoo moja iliyomwagwa haraka yaweza kuongeza madhara. Chuma huliwa kwa kasi kubwa zaidi katika maji yenye chumvi kiasi cha sehemu tatu katika 100, karibu sawa na maji ya bahari. Maji yaliyokolea chumvi kupita hapo hubeba oksijeni kidogo. Kwa hiyo anayezimua chumvi bila kuiondoa huenda anaisaidia. Maji yaelekezwe chini ya sakafu, ndani ya madigadi, na katika mirija iliyo chini ya milango, mpaka yanayotoka yawe safi. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango visizibwe kwa tope wala kwa rangi. Kisha gari likauke kabisa. Kulifunika kwa turubai likiwa bado bichi ni kulihifadhia unyevu. Banda lililo wazi pande zote lafaa zaidi.

Baada ya kukauka ndipo kinga ipakwe, na Kigoma yenyewe ina ushahidi wa nguvu ya kinga hiyo. Mwezi Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, karibu na mlango wa Mto Malagarasi, isitekwe na maadui. Wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha. Meli iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Miaka karibu minane chini ya maji haikuiharibu mitambo ile. Grisi iliwekwa juu ya chuma safi, na maji ya ziwa hilo yana chumvi kidogo sana. Hali ya gari linalotoka kwenye theluji ni tofauti: mafundi wengi huipaka lami nyeusi juu ya kutu na chumvi, nayo lami huficha uharibifu na kuufungia unyevu. Kutu ing'olewe kwanza kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kioshwe, kikaushwe, kipakwe rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya juu. Ndani ya mirija, ambako brashi haifiki, yafaa mafuta mepesi au nta.

Oili chafu ya injini hutumiwa na wengi kwa kuwa haina gharama. Huzuia maji kwa muda, lakini ina asidi, hulainisha mipira, na hudondoka hadi kwenye vijito vinavyonywesha watu na mifugo. Haifai. Kinga bora huwekwa kiwandani: Porsche, kwa mfano, ilianza katikati ya miaka ya 1970 kutumia mabati yaliyopakwa zinki kwa bodi ya gari lake la 911. Kabla ya yote hayo, mnunuzi akague mabomba ya breki. Mengi ni ya feleji nyembamba, na bomba likipasuka kwenye mteremko wa kwenda Kigoma mjini, habari ya rangi haina maana tena.

Shule isiyo na maabara yaweza kulijaribu jambo hili. Mwalimu ayeyushe kijiko kikubwa kimoja cha chumvi katika nusu lita ya maji na kuyagawa katika chupa tano. Msumari wa kwanza uachwe mtupu. Wa pili uzungushiwe waya wa shaba. Wa tatu uzungushiwe kipande cha zinki kilichosafishwa, kutoka gamba la betri kavu ya kawaida ya tochi, ambayo mwalimu mwenyewe ataifungua. Wa nne upakwe grisi ukiwa mkavu. Wa tano ulowekwe kwanza usiku mmoja, upakwe grisi ukiwa bado umelowa, kisha urudishwe. Baada ya siku mbili wa pili utaonyesha kutu nyingi kuliko wa kwanza, na wa tatu utakuwa ungali unang'aa huku zinki ikiliwa badala yake. Wa nne na wa tano wasubiriwe wiki tatu, grisi ifutwe, na wanafunzi walinganishe chuma kilicho chini yake.