Umemwambia wakili wako ukweli. Je, atakuchomea?

Tuseme wewe ni wakili. Mteja wako, aliye rumande kwa kesi ya mauaji, anakunong'onezea: "Ni mimi. Na kuna wengine wawili ambao polisi hawajui." Utafanyaje?

Usidhani hii ni stori ya muvi. Mwaka 1973, katika jimbo la New York, Marekani, Robert Garrow alikamatwa kwa mauaji ya kijana aliyekuwa amepiga kambi msituni. Akawaambia mawakili wake, Frank Armani na Francis Belge, alikoacha miili ya wasichana wawili. Wakaitafuta, wakaipata, wakaipiga picha. Kisha wakanyamaza kwa miezi kadhaa. Baba wa msichana mmoja aliwafuata akiuliza habari za bintiye. Hakuambiwa kitu.

Siri ilitoka 1974, Garrow mwenyewe alipokiri mahakamani. Watu waliwaka! Belge akashtakiwa, lakini kesi ikatupwa. Sheria ilikuwa upande wake.

Na hapa Kenya je? Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamkataza wakili kutoboa aliyoambiwa na mteja bila ruhusa yake. Lakini chunga. Ukimwambia ulichofanya jana, hiyo ni siri yenu. Ukimwendea mpange wizi wa kesho, hapo hakuna siri. Pia, hata akinyamaza, haruhusiwi kudanganya korti kwa niaba yako. Anaweza kuuliza upande wa mashtaka, "Ushahidi wenu uko wapi?" Hawezi kukutungia uongo.

Najua unasema, "Manze, huyu wakili hana utu." Hata mimi nilisema hivyo. Sasa geuza meza. Ijumaa usiku, karao wanafanya msako mtaani, unabebwa. Bangi waliyoipata si yako, lakini unajua ni ya nani. Kama kila neno utakalomwambia wakili litamfikia OCS, utafungua mdomo kweli? Na usipofungua, atakutetea na nini? Katiba, kifungu cha 50, inasema huna hatia hadi ithibitishwe, na una haki ya wakili umtakaye. Wakili anayechoma si wakili, ni polisi aliyevaa suti.

Hapo naelewa. Lakini yule baba bado hanitoki akilini. Angekaa mbele yako akuulize bintiye yuko wapi, nawe unajua, ungemtazama machoni?